Jinsi ya Kuamua Kama Udereva wa Malori ya Masafa Marefu Unakufaa

Vijana wengi wanaotamani udereva wa malori huuliza swali moja tu, yaani tripu ya Kongo inalipa shilingi ngapi, na wakishatajiwa kiasi huanza mara moja kutafuta leseni. Swali hilo si baya, ila halitoshi, kwa sababu dereva hulipwa kwa tripu ilhali yeye na familia yake hula kila siku, na ni katika tofauti hiyo ya tripu na siku ndipo kazi hii humnufaisha mmoja na kumchosha bure mwingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye Tanzania anayefikiria kuendesha semi, yaani kichwa cha lori kinachovuta trela, kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda au Burundi, ili alipime jambo hili kwa utaratibu kabla hajaacha shughuli aliyo nayo sasa.

Hatua ya kwanza: bainisha ni udereva upi unaoufikiria

Udereva wa malori si kazi moja. Yupo anayezungusha makontena kati ya bandari na maghala ya Kurasini au Vingunguti, ambaye usiku hulala kwake. Yupo anayepeleka saruji, unga au vinywaji mikoani na kukaa nje siku mbili tatu. Na yupo dereva wa transiti, anayevuka mpaka na mzigo wa nchi nyingine. Leseni yao inaweza kuwa ileile, lakini maisha yao hayafanani, na mtu anayesema tu kwamba anataka kuwa dereva wa lori hajasema anachagua nini.

Kwa transiti, njia kuu ni mbili. Ya kwanza hupita Chalinze, Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kisha huvuka Nakonde na kuendelea kupitia Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi hadi ukanda wa shaba wa Zambia, na kwa wanaokwenda Kongo hupita mpaka wa Kasumbalesa hadi Lubumbashi, Likasi au Kolwezi. Gari hupanda na mafuta, salfa ya migodini au makontena, na hurudi na shaba. Ya pili hupita Dodoma, Singida na Nzega, kisha hugawanyika kwenda Rusumo kwa mzigo wa Rwanda au Kabanga kwa mzigo wa Burundi. Njia ya Kongo ndiyo inayotajwa kwa malipo makubwa, na ndiyo pia yenye mipaka miwili ya kuvuka kwenda na miwili kurudi.

Jambo la kuliangalia kwa makini zaidi katika njia hizi ni kusimama, kwa kuwa kilomita zinajulikana na zinahesabika. Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 ili taratibu za nchi zote mbili zifanyike mahali pamoja, lakini bado kuna vipindi ambavyo malori hupanga foleni ndefu kabla ya mpaka, na Kasumbalesa nayo ina foleni zake. Katika foleni hiyo dereva hafanyi chochote ambacho mtu wa pembeni angekiita kazi. Hufungua boksi lililo ubavuni mwa trela, akatoa jiko la gesi na sufuria, akapika; foleni ikisogea, anaacha sufuria na kupanda kuwasha gari, anasogea urefu wa gari mbili, anazima injini tena. Hawezi kulala usingizi wa kutulia, kwa sababu akipitwa amepoteza nafasi, na kwa sababu tangi la dizeli, tairi ya akiba na turubai vina watu wanaovivizia gizani. Yeyote anayeifikiria kazi hii ajiulize kwanza kama anaweza kuishi hivyo kwa siku kadhaa mfululizo, kila tripu, bila kupoteza subira wala kujiingiza katika ulevi ili muda upite.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mwaka, usipige hesabu ya tripu

Malipo ya dereva wa transiti kwa kawaida yana sehemu tatu: mshahara wa mwezi, ambao mara nyingi ni mdogo, mileji, ambayo ni malipo ya safari, na posho ya njiani, ambayo ni ya chakula, maegesho na gharama ndogondogo. Kampuni nyingine huchanganya mileji na posho na kumkabidhi dereva fedha zote kwa pamoja anapoanza safari, naye huambiwa kwamba kitakachobaki ni chake. Utaratibu huo wa pili ndio unaohitaji kalamu na karatasi, kwa kuwa kinachobaki hupungua kila siku gari linaposimama.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Tuseme mshahara ni shilingi 500,000 kwa mwezi, na katika fedha za safari dereva hubakiwa na shilingi 500,000 iwapo kwenda na kurudi, pamoja na kupakia na kushusha, kumechukua siku 25. Ukitoa siku 28 za likizo, mwaka wake una siku 337, ambazo zinatosha tripu 13. Masalio ya safari yatakuwa shilingi 6,500,000, na pamoja na mshahara wa miezi 12 atapata shilingi 12,500,000, yaani zaidi kidogo ya milioni moja kwa mwezi.

Sasa tuseme safari ileile imechukua siku 40 kwa sababu ya foleni, kusubiri mzigo wa kurudi na ubovu wa gari. Tripu kwa mwaka zitakuwa 8. Lakini pia, kama anatumia shilingi 15,000 kwa siku kwa chakula na mahitaji mengine, zile siku 15 za ziada zimekula shilingi 225,000, hivyo kila safari inamwachia shilingi 275,000 tu. Mara 8, ni shilingi 2,200,000. Pamoja na mshahara, mwaka mzima umemletea shilingi 8,200,000, ambazo ni chini ya shilingi 700,000 kwa mwezi. Ni kampuni ileile, njia ileile na kiwango kilekile alichoambiwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo unapokwenda kuwauliza madereva, na ni lazima uende kuwauliza, pale Misugusugu, Vigwaza, Mafinga au kwenye maegesho ya Tunduma, usianze na swali la tripu inalipa kiasi gani. Uliza mwaka jana walipiga tripu ngapi. Uliza gari lilikaa siku ngapi likisubiri mzigo Kongo au Zambia. Uliza gari likiharibika Mpika, fundi na kipuri hufika baada ya muda gani, na dereva anakula kwa fedha za nani wakati huo. Zungumza na madereva wa kampuni moja wasiopungua watatu, mmoja mmoja, kwa sababu wakiwa kundi husemeana, na linganisha majibu yao. Kisha jaza namba hizo katika hesabu hiyo ya juu badala ya zangu, na ulinganishe matokeo na kile unachopata leo dukani, shambani au kwenye bodaboda, ukikumbuka kwamba huko unalala nyumbani.

Lipo jambo moja la kutoa katika hesabu bila kusita. Baadhi ya watu watakapokutajia mapato yao watakuwa wamejumlisha fedha za kunyonya mafuta na kuyauza njiani. Huo ni wizi. Kampuni nyingi sasa zina vifaa vya kufuatilia gari na kiwango cha mafuta katika tangi, na anayekamatwa hupoteza kazi, jina lake husambaa kwa waajiri wengine, na anaweza kuishia mahakamani. Kama bila fedha hizo kazi hailipi, basi jibu ni kwamba hailipi.

Hatua ya tatu: mpime mwajiri kwa mkataba wake

Kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko zote, kwa kuwa madereva wawili wenye ujuzi sawa na njia moja wanaweza kuwa na maisha yanayotofautiana mno kwa sababu tu ya nani amewaajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi pale mfanyakazi atakapofanya kazi nje ya nchi, na kwa dereva wa transiti hilo halina mjadala. Mwajiri anayekwambia uanze safari kwanza, mkataba utasainiwa ukirudi, ameshakuonyesha atakavyokutendea siku utakapopata ajali.

Ukipewa mkataba, usome ukiwa umekaa, na uangalie mambo yafuatayo. Mshahara, mileji na posho viandikwe kila kimoja peke yake. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu yake, huhesabiwa kwa mshahara ulioandikishwa. Kwa hiyo mkataba wenye mshahara mdogo na fedha nyingi za mkononi unakupa furaha leo na pensheni nyembamba uzeeni. Hakikisha mwajiri amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu huo ndio unaolipa mfanyakazi anapoumia au kufa kazini, na barabara ni mahali pa kazi penye hatari kubwa. Likizo ya mwaka ya siku 28 iwemo. Iandikwe wazi pia ni nani anagharimia chakula na malazi gari linapokwama kwa ubovu.

Suala la makato linastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa ndiko madereva wengi huumizwa. Mzigo ukipungua, tairi ikipasuka au faini ikitozwa, baadhi ya waajiri hukata fedha yote mara moja bila maelezo. Sheria hairuhusu hivyo. Makato ya hasara yanahitaji ridhaa yako, hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kupinga, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya ujira wako. Mgogoro ukishindikana kumalizwa ofisini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri lake, muda ambao dereva anayesubiri kuitwa tena kazini huuacha upite bila kujua.

Uliza pia kuhusu uzito. Chini ya sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, kichwa cha ekseli (mihimili ya magurudumu) tatu kinachovuta trela ya ekseli tatu zilizo pamoja, zote za tairi mbilimbili isipokuwa ekseli ya usukani, hakitakiwi kuzidi tani 50: tani 8 mbele, 18 katikati na 24 nyuma. Mzigo unaweza kuwa ndani ya tani 50 na bado ukakwama kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese kwa sababu umepangwa vibaya na ekseli moja imezidi. Mwajiri makini hupima kabla ya kuondoka na hamwachii dereva aliyekabidhiwa kontena lenye lakiri mzigo wa kulipia kosa la mpakiaji.

Hatua ya nne: upime mwili wako kwa ukweli

Nenda hospitali kabla ya kwenda chuo cha udereva. Pima macho, hasa uwezo wa kuona usiku, pima presha, sukari na mgongo, na umweleze daktari kazi unayoitafuta. Presha na kisukari huongezeka kwa mtu anayekaa kitini kutwa, anayekula chipsi na nyama saa nne usiku na kunywa soda ili asisinzie. Dereva anayepika mwenyewe kwenye boksi lake hula vizuri zaidi na hutumia fedha kidogo zaidi, kwa hiyo kama hujui kupika, jifunze.

Usingizi ndio unaoua. Sheria ya ajira huweka kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku, pamoja na saa za ziada, lakini ratiba ya safari haiheshimu kikomo hicho popote pale mwajiri anapohesabu siku za kufika bila kuhesabu saa za kulala. Lori linaloruhusiwa kilomita 80 kwa saa haliwezi, pamoja na mizani, vijiji vya kilomita 50 kwa saa na milima, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa siku moja bila dereva kuuiba usingizi wake. Ukisikia kampuni inasifiwa kwa kuwahi namna hiyo, ikae mbali nawe. Na kama wewe ni mtu anayesinzia akikaa kimya baada ya chakula cha mchana, hilo ulichukulie kwa uzito uleule wa macho mabovu.

Kuhusu maradhi ya zinaa na VVU niseme wazi: vituo vya malori vina upweke mwingi na fedha mkononi, na watu wameambukizwa huko na kurudisha maambukizi nyumbani. Jiulize utaishije na hilo, na ulizungumze na mwenzi wako bila kuona haya.

Hatua ya tano: kaa na watu wa nyumbani

Keti na mke au mume wako, na wazazi kama wanakutegemea, mkiwa na ile hesabu ya mwaka mezani. Dereva wa Kongo anayepiga tripu moja baada ya nyingine anaweza kulala kwake siku chache tu kila mwezi, na siku hizo haziji wakati wa harusi wala msiba. Huja pale mzigo unapokuwa haujapatikana. Amueni mapema nani atashika fedha za ada, mtawasiliana vipi ukiwa Zambia na laini yako haishiki, na fedha kiasi gani ziachwe nyumbani kabla ya safari kuanza badala ya kusubiri masalio yanayoweza yasiwepo. Ndoa nyingi zinazovunjika katika kazi hii hazivunjwi na umbali wenyewe; huvunjwa na ahadi ya kurudi Ijumaa iliyotolewa na mtu asiye na mamlaka juu ya Ijumaa.

Hatua ya sita: jifunze na ujaribu kidogo kidogo

Kama hadi hapa bado unaitaka kazi, ndipo uingie gharama za mafunzo. Malori makubwa yanahitaji leseni ya daraja E, ambayo mtu huifikia baada ya kuanza na madaraja ya chini, kwa hiyo anayeanza kutoka mwanzo ahesabu miaka, asihesabu miezi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya magari makubwa, nayo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, husajili na kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Epuka kabisa mtu anayekuahidi cheti bila darasa. Kwa safari za nje utahitaji pia pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mafunzo mazuri utayatambua kwa jinsi yanavyokufundisha kushuka mlima. Kupanda Kitonga na salfa ni kazi ya injini. Kuushuka ukirudi na tani karibu 30 za shaba ni kazi ya akili yako. Dereva aliyefundishwa husimama kabla ya mteremko, akazunguka gari, akasikiliza kama hewa ya breki inavuja, akagusa tairi, kisha akachagua gia nzito kabla gari halijaanza kuteremka na kuiachia breki ya injini ifanye kazi, huku breki ya mguu akiitumia kwa vipindi vifupi. Asiyefundishwa huweka fri, yaani huitoa gari katika gia, ili kuokoa dizeli, akaegemea breki ya mguu hadi ngoma za breki zikapata moto, na zikishapata moto hazishiki tena. Mteremko wa Iwambi, kabla ya Mbalizi, umeshuhudia ajali nyingi za malori. Mwalimu asiyekupeleka kwenye mteremko ukiwa na mzigo hajakufundisha kazi hii.

Kisha jaribu bila kukata mizizi. Zamani mtu aliingia kama utingo na kujifunza akiwa pembeni ya dereva. Nafasi hizo zimepungua, lakini bado unaweza kuanza na tripu za mjini, au kupeleka magari ya IT, yaani yaliyoagizwa kwa ajili ya nchi jirani, hadi Tunduma au Rusumo, na ukaona mpaka, foleni na usiku wa barabarani kabla hujakabidhiwa semi. Kwa anayekwenda Kongo, Kiswahili kitakusaidia sana Lubumbashi na Kolwezi. Kwa Zambia utahitaji Kiingereza cha kujieleza mbele ya askari na ofisa wa forodha.

Hatua ya saba: itazame miaka kumi ijayo

Reli inarudi. Treni za abiria za SGR, yaani reli mpya ya kisasa, zilianza kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mizigo imeanza kufuata. TAZARA nayo, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya shaba hiihii, iko katika mpango wa kufufuliwa. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuonja mabadiliko hayo: mwaka 2019 serikali ilipoelekeza makontena mengi yabebwe na SGR kutoka Mombasa, madereva na miji ya njiani waliumia na kulalamika, hadi uondoshaji wa mizigo uliporudishwa Mombasa mwaka 2022. Mimi siamini kwamba malori yatatoweka, kwa sababu treni haifiki mlangoni mwa mgodi wala ghala, na mizigo yenyewe inaongezeka. Ila naamini kwamba kontena la kawaida la safari ndefu ndilo litakalohama kwanza, hivyo kijana anayeanza leo ajipe ujuzi wa ziada: tenki la mafuta na kemikali, loubedi (trela ya chini) ya kubebea mitambo, au ufundi wa awali wa injini na breki za hewa.

Wapo wanaoingia wakiwa na ndoto ya kumiliki gari lao. Ndoto hiyo ni halali, lakini ipigiwe hesabu kwa ukali. Semi ya ekseli sita ina tairi 22, hutumia lita moja ya dizeli kwa kilomita mbili au zaidi kidogo ikiwa na mzigo, na mkopo wa benki haujui kwamba gari limelala Kasumbalesa. Aliyeendesha kwa miaka kadhaa na kuweka daftari la gharama za gari la mwajiri wake ndiye anayejua kama anaweza kulibeba lake.

Hatua ya nane: weka tarehe ya kujitathmini

Ukiajiriwa, anza daftari siku hiyohiyo. Andika tarehe ya kupakia, ya kufika kila mpaka, ya kuvuka, ya kushusha na ya kurudi. Andika ulichopewa, ulichotumia na kilichobaki. Andika siku ulizolala nyumbani. Kabla ya safari ya kwanza, mkubaliane na mwenzi wako namba tatu ambazo hamtazishuka: kiasi cha chini cha mwaka, siku za chini za nyumbani kwa kila miezi mitatu, na siku nyingi kabisa ambazo mshahara unaweza kuchelewa. Mwaka ukitimia, linganisha. Kama fedha zimefika lakini siku hazikufika, omba njia fupi au tripu za mjini. Kama siku zimefika lakini fedha hazikufika, tafuta mwajiri mwingine ukiwa bado umeajiriwa, na daftari lako ndilo litakalokuonyesha cha kumuuliza. Kama vyote viwili vimekosekana, na umeshabadilisha mwajiri mara moja, toa taarifa kwa maandishi kama mkataba unavyotaka, dai cheti chako cha utumishi, hakiki michango yako NSSF, na uondoke ukiwa na leseni yako safi.